Alipewa Mwavuli, Hakuambiwa Mvua

Kisa hiki kilianza na fomu. Mwaka wa masomo wa 2022–2023 nilikuwa msimamizi wa darasa la mwisho la sekondari katika shule moja ya komuni ya Kampemba, hapa Lubumbashi, nchini Kongo. Kama kila mwaka, ilinipasa kulinganisha fomu za wanafunzi wanaojiandikisha kwa mtihani wa serikali, Exetat, na vyeti vyao vya kuzaliwa. Jina likitofautiana hata kwa herufi moja, diploma inaweza kukwama na mtoto akabaki akizunguka maofisini. Wanafunzi wanalijua hilo, ndiyo maana huijaza fomu ile polepole, mkono mmoja ukiishikilia karatasi isiteleze.

Msichana nitakayemwita Ngalula alikuwa ameandika Kibangu. Cheti chake kilisema Tshibangu.

Majina haya si yao. Nimeyabadilisha kwa makubaliano na familia, ambayo iliniruhusu kuandika. Nimehifadhi herufi za mwanzo tu, kwa kuwa kisa chenyewe kimo ndani ya herufi hizo.

Nilimwita pembeni. "Kalamu njo ilikosea, madamu," akasema, bila kuniangalia. Nikafungua daftari lake la hesabu, kisha la jiografia. Yote yalisema Kibangu. Nikarudi kwenye daftari la mahudhurio, ambalo mimi mwenyewe nililiandika mwezi wa tisa kwa kuwauliza wanafunzi majina yao: Kibangu. Kwa miezi mingi nilikuwa nimemwita kila asubuhi kwa jina ambalo si lake, naye alikuwa ameitika. Kwenye fomu, mahali pa jimbo la asili, hakuandika kitu.

Msomaji asiyetoka Katanga atauliza kuna ubaya gani. Waluba wako wa pande mbili, wa Kasai na wa Katanga. Lugha zao ni ndugu, na tofauti mojawapo iko mwanzoni mwa maneno: kile ambacho wa Katanga hukitamka ki-, wa Kasai hukitamka tshi-. Hata majina ya lugha zenyewe yako hivyo, Kiluba na Tshiluba. Majina mengi ya watu ni yale yale pande zote. Ilunga anaweza kuwa wa huku au wa kule, Mutombo vilevile. Mapacha wa Kasai huitwa Mbuyi na Kabanga, wa Katanga huitwa Kyungu na Kabange, na ukiwasikia wa pili wakiitwa uwanjani jioni utahitaji sikio zuri kuwatofautisha. Lakini Tshibangu hajifichi. Ukilitaja jina hilo Lubumbashi, aliyekuuliza ameshajua babu zako walitoka wapi, na kwa watu fulani ameshajua pia kama una haki ya kuwa pale uliposimama.

Nilidhani nitalimaliza kwa kumrudishia fomu airekebishe. Siku chache baadaye bibi yake akaja shuleni.

Alikuwa mwanamke wa miaka karibu sabini, amevaa kitenge na kitambaa kichwani, amekuja kwa miguu. Alikataa kiti. "Madamu, nakuya kuuliza," akasema. "Mutoto wetu analeta neno ku nyumba. Njo munabafundishaka huku?" Nikamuuliza neno gani. Alinyamaza muda mrefu kabla ya kulitamka, akalitamka kwa sauti ndogo kana kwamba kuta za shule zingeweza kulidaka. Bilulu.

Bilulu, kwa Kiswahili cha hapa, ni wadudu. Ni jina walilopewa Wakasai wa Katanga nilipokuwa mtoto, miaka ambayo jimbo letu liliitwa bado Shaba. Wadudu huingia bila kualikwa, hula mazao ya mwenye shamba, na hakuna anayeomba radhi kwa kuwaua. Aliyelichagua neno hilo kwa ajili ya watu alijua anachofanya.

Bibi alinieleza yaliyotokea. Jumamosi moja Ngalula alikuwa na marafiki wawili karibu na soko la Kenya, komuni nyingine ya hapa mjini. Akapita kijana wa pikipiki, mmoja wa wale waliokuja kutoka upande wa Mwene-Ditu kutafuta maisha, anayepanga chumba kwenye avenue yao. Kijana huyo humsaidia bibi kubeba unga, na kwa njia hiyo alilijua jina la mjukuu. Alimwona, akapunguza mwendo, akamsalimu kwa Tshiluba: "Moyo, Ngalula." Moyo ndiyo salamu yao. Unamsalimu mtu kwa kumtakia uzima, kwa neno lile lile ambalo sisi tunaliweka kifuani.

Marafiki wakamgeukia. "Unamujua ule?" Ngalula akajibu: "Nitamujulia wapi? Bilulu bile."

Kijana alisikia. Aliangalia chini, akawasha pikipiki, akaondoka. Jioni alileta mfuko wa unga kwa bibi kama kawaida, hakusema lolote. Ni mdogo wake Ngalula, aliyekuwa nyuma yao akinunua karanga, ndiye aliyelileta neno hilo mezani wakati wa kula. Ngalula alingoja apigwe. Bibi aliinuka, akaacha bukari (ugali) yake, akaenda kulala. Nilipozungumza na Ngalula baadaye, hicho ndicho alichokirudia mara nyingi kuliko vyote, kwamba bibi hakumpiga.

Nilimwambia yule mama kwamba hapana, neno hilo halifundishwi kwetu. Nilisema ukweli kama mwalimu. Kama mtu, sikusema ukweli wote, na nililijua hilo nikimsindikiza hadi kwenye lango.

Mimi ni Msanga, kabila la hapa Katanga, mzaliwa wa Likasi. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka tisa. Nililipata neno hilo kutoka kwa wakubwa kama nilivyopata mafua, na nililitumia. Niliwaimbia watoto ambao wiki chache kabla tulikuwa tukiruka kamba nao kwenye njia ya kambi, nikapiga makofi, nikafurahi kuwa upande wa wengi. Wakati familia zao zilipokuwa zikiuza vitu ili zipate cha kula zikingojea treni, wazazi wangu walinunua kabati. Kabati zuri la mbao nyekundu, la milango miwili. Liko bado kwa mama yangu. Sina njia ya kuandika kuhusu Ngalula nikijifanya daktari anayemtazama mgonjwa kutoka upande wa pili wa meza.

Ngalula mwenyewe hakujua kwa nini familia yake iko hapa, na hilo ndilo lililonishangaza mapema zaidi. Msichana wa miaka 18, wa kwanza darasani, alijua kutaja tarehe ya mkutano wa Berlin lakini hakujua baba wa babu yake alifikaje Katanga. Kwa hiyo nilianza hapo, kwa sababu tusi la "wadudu walioingia" linaishi kwa kutegemea watu wasijue nani aliwaleta.

Waliletwa. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilihitaji mikono, na watu wa karibu na machimbo walikuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuacha kuchukua wanaume wa muda na badala yake kuwaweka wafanyakazi na wake zao kambini, watoto wazaliwe na wasome hapo hapo. Reli iliyofika Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka 1928, ilikatiza Kasai, na kupitia reli hiyo waliandikwa wanaume wengi, mmoja wao baba wa babu yake Ngalula, aliyepelekwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Watoto wao walisoma, wakawa makarani, mafundi, walimu. Wabelgiji walipenda kusema kwamba Waluba wa Kasai ni werevu kwa asili na wengine ni wazito. Sifa hiyo ilikuwa mzigo walioyatwika makundi mawili kwa mara moja. Hata hivyo Desemba 1941, askari wa koloni walipowapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hawakumuuliza mtu kwanza kwao ni wapi.

Uchaguzi wa komuni wa 1957 uliwapa wageni wa majimbo mengine nafasi kubwa mjini, na mwaka uliofuata wenyeji wakaanzisha chama cha Conakat. Katanga ikajitenga tarehe 11 Julai 1960, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikuwa wamejikusanya kwenye kambi pembezoni mwa Elisabethville chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Mambo yakatulia, watu wakaoana. Kisha yakarudi. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Kazi zilikuwa zikiisha, na wanasiasa wa jimbo waliwaonyesha vijana wetu nani wa kulaumiwa. Agosti 1992, Kongamano la kitaifa kule Kinshasa lilipomchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, ghasia zikaanza Lubumbashi, zikaendelea Likasi, na mwaka 1993 zikafika Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa. Wengi wao walizaliwa huku, na wengine hata wazazi wao walizaliwa huku, lakini walipandishwa treni "kurudi kwao".

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu Ngalula alipolisikia aliuliza swali moja tu: "Kumbe babu alikuwa na karatasi ya kazi?" Ndiyo, alikuwa na karatasi ya kazi. Alikaa kimya akilifikiria.

Sasa niseme ninachokiona ndani ya kisa hiki. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, walifanya jaribio ambalo wengi wamelisikia. Waliwapa watoto weusi wanasesere wa rangi tofauti na kuwauliza yupi mzuri, yupi mbaya, na mwishoni, yupi anafanana na wewe. Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri. Walipofika kwenye swali la mwisho, baadhi yao walilia. Mahakama Kuu ya Marekani ililitaja jaribio hilo mwaka 1954 ilipoharamisha shule za ubaguzi. Nimelifikiria sana jaribio hilo nikiwa na Ngalula, na nadhani kwetu lisingefanya kazi, kwa kuwa wanasesere wangekuwa wa rangi moja. Hakuna anayeweza kumtambua Ngalula kwa kumtazama. Marafiki zake wa soko la Kenya hawakujua. Alama yake iko kwenye ulimi na kwenye karatasi.

Mtu akidhani kwamba hiyo ni nafuu, amtazame mtoto anavyoishi. Alama isiyofichika huwaachia wengine kazi ya kukulinda au kukuumiza. Alama inayofichika hukufanya wewe uwe askari wa lango lako mwenyewe, usiku na mchana, bila zamu. Ngalula hakuwahi kumleta rafiki nyumbani. Kila mwezi wa tisa alifika shuleni mapema ili amwone mwalimu mpya kabla ya orodha kusomwa. Sokoni alitembea hatua kumi mbele ya bibi yake. Kuhusu hilo la mwisho kulikuwa na sababu. Kwa Tshiluba, neno "baba" maana yake ni mama. Baba mzazi huitwa "tatu". Ngalula amepewa jina la mama wa bibi yake, kwa hiyo bibi humwita "baba", kwa upendo mkubwa, popote pale. Akiwa darasa la tatu la msingi alimwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba "baba ananisuka nywele". Darasa lilicheka, mwalimu akacheka pia. Alikwenda nyumbani akamwambia bibi asimwite hivyo tena barabarani. Alikuwa na miaka minane.

Ukikaa langoni muda mrefu, mwishowe unaanza kumwona anayebisha hodi kama adui, hata akiwa ndugu. Kijana wa pikipiki hakumtukana. Alimtakia uzima. Lakini kwa Ngalula salamu ile ilikuwa mkono uliokuwa ukifungua mlango mbele ya watu, na alipoangalia kushoto na kulia atafute cha kuufunga nacho, alichokipata karibu kilikuwa neno lile. Nilipomuuliza alikuwa akifikiria nini, alisema: "Nilisema kama ningekawia kidogo, bangejua." Hakumchukia kijana yule. Alijichukia yeye, na chuki hiyo ilipitia kwa kijana.

Wenzangu wawili shuleni walisema mtoto huyu hana tatizo, mbona anaongoza darasa. Hapo nina ugomvi nao. Mmoja wao, mtu mwema, alikuwa amemwambia baada ya matokeo ya muhula: "Nyinyi Baluba, akili yenu Mungu anaijua." Alidhani anamsifu, na kumbe pia alikuwa amemtambua. Ngalula aliniambia kwamba usiku ule alilia kuliko siku ya darasa la tatu. Alikuwa amesoma kwa mshumaa wiki nzima, umeme ukiwa umekatika, na alama zake zimechukuliwa kutoka mikononi mwake zikapewa kabila. Akishindwa ni yeye, akishinda ni Baluba. Sifa ya namna hiyo inatoka mdomo ule ule unaotoa tusi. Tungekuwa tumeshaijua, maana ni ile ya Wabelgiji.

Nilikosea pia katika kumsaidia. Kosa langu la kwanza lilikuwa hotuba. Nilimkalisha na kumwambia ajivunie asili yake, mwacha asili ni mtumwa, na mengine kama hayo. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Asili gani, madamu? Miye sijapanda hata treni. Tshiluba nasikia, kusema sijui. Bale benye kutoka kule banajua siko wao." Alikuwa na haki. Vijana wanaokuja sasa kutoka Kasai, wengine wakiwa wamekimbia vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017, wengine wakifuata tu mkate, humwona kuwa mtoto wa Katanga. Nilikuwa nikimwambia ahamie kwenye nyumba nyingine asiyoijua, kama walivyoambiwa wazee wake kwenye stesheni ya Likasi, tofauti ni kwamba mimi nilisema kwa upole.

Nikamwita baba yake. Nilitaka kumweleza kwamba binti yake anabadilisha jina, nikamwandalia hata maneno ya kumtuliza. Alikuja baada ya kazi, vumbi la njia ya Likasi likiwa bado kwenye viatu, na hakuniacha nimalize. "Miye njo nilimufundisha," akasema.

Mwaka 1992 alikuwa na miaka 14. Siku moja yeye na kaka yake mkubwa walitumwa na mama yao kutafuta maji, wakakuta vijana wamefunga njia kwa gogo. Waliulizwa majina. Yeye, bila kujua nani alimwekea neno mdomoni, alisema Kibangu. Wakampisha. Kaka yake aliyekuwa nyuma alisema Tshibangu, labda kwa kiburi, labda kwa mazoea tu. Walimpiga mpaka sikio moja halikusikia tena. Baba yake Ngalula alitazama akiwa upande wa pili wa gogo, huku ameshika ndoo. Familia ilipelekwa Mwene-Ditu, haikupata maisha huko, ikarudi Katanga baada ya miaka, safari hii Lubumbashi. Tangu wakati huo mtaani yeye ni Kibangu. Na siku ya kwanza ya Ngalula darasa la kwanza, alipokuwa akimfunga vifungo vya blauzi nyeupe, alimwambia: "Bakikuuliza jina, sema Kibangu." Mtoto aliuliza kwa nini. Akamjibu: "Sema tu vile."

Alimpa mwavuli, hakumwambia habari ya mvua. Ninamwelewa. Nani anamwambia mtoto wa miaka sita juu ya gogo lile? Lakini mtoto anayepewa mwavuli jua likiwaka atatafuta sababu mwenyewe, na mahali pa karibu pa kuitafuta ni mwili wake. Ngalula alihitimisha kwamba kuna kitu kichafu kwake ambacho baba yake mwenyewe anakionea haya. Kwa miaka 12 alibeba hofu ya baba yake akidhani ni aibu yake. Nikiulizwa kisa hiki kinaonyesha nini, nitaonyesha hapo. Cheko la darasa la tatu lilimchoma, sifa ya mwalimu ilimchoma, lakini yote mawili yalitua juu ya jeraha lililokuwa limeandaliwa nyumbani, kwa upendo, na kimya.

Nilimwomba baba azungumze na binti yake. Alisema hawezi. Bibi ndiye aliyeweza.

Nilikwenda nyumbani kwao Jumapili moja mchana. Bibi alisimulia akichambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua macho. Alisimulia jinsi walivyolala nje ya stesheni ya Likasi majuma mengi, wakingojea mabehewa, mvua za Oktoba zikiwakuta na mahema ya vitenge. Mashine yake ya kushonea aliiuza kwa unga wa siku nne. Watoto waliharisha, wengine wakafa, na akataja watoto watatu wa jirani zake kwa majina, moja moja. Baba yake Ngalula alitoka nje. Ngalula alibaki. Hakulia. Swali lake lilikuwa: "Sasa choo mulikuwa munaenda wapi?" Bibi akamjibu bila kuficha, kwamba wanawake walingoja usiku, wakaenda wawili wawili, mmoja anashika kitenge. Nilimwona Ngalula akibadilika usoni hapo, kwa jambo hilo dogo, kuliko kwa yote yaliyotangulia. Neno alilolitupa sokoni lilikuwa limempata mwanamke aliyesimama gizani nyuma ya kitenge.

Nami nikasema langu. Niliwaambia nilikuwa Likasi, nilikuwa na miaka tisa, nililiimba neno hilo, na kwetu kuna kabati. Nilikuwa nimeogopa dakika hiyo kwa wiki nzima. Bibi aliacha kuchambua. "Benyewe banaitwa nani, ba kabati?" Sikuwa na jina lao kamili, nilijua tu la mtoto wao wa kike niliyecheza naye. Akalifikiria, akatikisa kichwa, hakuwajua. Halafu akauliza: "Milango inafungaka bado?" Nikamwambia inafunga. "Basi ilikuwa ya fundi muzuri," akasema, akarudia sombe yake. Sikuchukua hilo kama msamaha, na sidhani lilikusudiwa hivyo.

Kwa kijana wa pikipiki Ngalula alikwenda peke yake. Alimuuliza bibi "samahani" inasemwaje kwa Tshiluba, bibi akamwambia amwambie kwa Kiswahili, anasikia. Kijana alipokea, akasema haina neno. Lakini tangu siku ile humsalimu bibi tu. Ngalula akipita, huwa anashughulika na mnyororo wa pikipiki. Ana haki hiyo.

Ilibaki fomu. Jina lilirekebishwa kwa dakika moja, jimbo la asili likatuchukua nusu saa. Kadi ya uchaguzi ya baba yake inasema Kasaï-Oriental. Lakini majimbo yaligawanywa mwaka 2015, na Mwene-Ditu ikawa sehemu ya jimbo la Lomami, kama Katanga yetu ilivyogawanywa kuwa majimbo manne. Ngalula alitazama karatasi zote mbili. "Kumbe asili yangu ilihama bila miye," akasema. Hata mahali anapoambiwa arudi hapakai mahali pamoja.

Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza Mkongomani kubaguliwa shuleni au kazini kwa sababu ya asili ya familia au kabila. Kabla yake, tangu 1966, kuna sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Sheria zipo, na chini yake tunaendelea kumuuliza mtoto aliyezaliwa Lubumbashi, wa baba aliyezaliwa Likasi, kwamba kwao ni wapi, tena kwa wino wa bluu. Nimemwomba prefe wetu, mkuu wa shule, tuondoe swali hilo kwenye fomu zetu za ndani, tubakize mahali pa kuzaliwa. Zile za serikali hatuwezi kuzigusa. Bado analifikiria. Wanafunzi wangu sasa nawauliza majina yao faraghani, mmoja mmoja, cheti kikiwa mkononi, na nawauliza wangependa niwaiteje. Mwaka huu wawili walikaa kimya mbele ya swali hilo. Sijawasukuma.

Simu ya Ngalula bado inamwandika Nadine peke yake, jina la ubatizo. Baba yake bado ni Kibangu mtaani, na hakuna aliyemwomba aache.

Asubuhi ya kwanza ya mtihani niliwasindikiza hadi kwenye kituo. Mtu mmoja alisimama langoni na orodha akiita majina kwa sauti, wazazi na watoto mia kadhaa wakisikiliza. Alipofika kwenye T, akaita: "Tshibangu Ngalula." Marafiki zake wawili wa soko la Kenya walikuwa pembeni yake. Ngalula alikawia kidogo, kama anayesubiri mwenye jina ajitokeze, halafu akaitika na kuingia.